Nchi Jirani: Anayetunga Sheria za Uhai

Askari wa jeshi la ulinzi na askari polisi hufundishwa kulinda vitu vinavyoonekana: mpaka, daraja, ghala, bandari, maisha ya raia na mali zao. Lakini imezuka mali nyingine, na pamoja nayo hatari nyingine, ambazo jicho haliwezi kuziona wala mkono kuzipekua. Nazo ni chembe za urithi, yaani yale maandishi madogo mno yaliyomo ndani ya kila kiumbe, yanayoamua kama mbegu itaota mpunga au mtama, na kama kijidudu kitaua au hakitaua. Wataalamu wa dunia sasa wanao uwezo wa kuyasoma maandishi hayo, kuyarekebisha, na hata kuyaandika upya ili kuunda kiumbe ambacho hakikuwako. Swali linalofuata ni la kisiasa, wala si la maabara peke yake: ni nani atunge sheria za kazi hiyo, na kwa faida ya nani? Historia ya nchi jirani, hasa Uganda na Kenya, ina mafunzo makubwa juu ya swali hilo, na yafaa mafunzo hayo yajulikane kwa kila mtu avaaye sare ya taifa.

Entebbe na msitu wa Zika

Mwaka 1936, wakati Uganda, Kenya na Tanganyika zilipokuwa zikitawaliwa na Mwingereza, shirika la Kimarekani la Rockefeller Foundation lilifungua huko Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, kituo cha kuchunguza homa ya manjano. Mwaka uliofuata, damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ilionekana kuwa na virusi ambavyo wataalamu hawakuwa wakivijua. Virusi hivyo vikapewa jina la wilaya ile. Dunia nzima inalijua jina la wilaya; jina la yule mama hailijui.

Miaka 10 baadaye, katika msitu wa Zika ulio karibu na Entebbe, wachunguzi walikuwa wamejenga madungu juu ya miti na kuweka humo vizimba vya nyani waliotoka Asia, ili mbu wa msituni wawaume. Mwezi wa Aprili 1947 nyani mmoja, aliyepewa nambari 766, alishikwa na homa. Ndani ya damu yake mkapatikana virusi vipya, navyo vikaitwa kwa jina la msitu huo. Kisha zamu ikaja ya Tanganyika. Katika mwaka 1952 na 1953, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde huko Newala, watu waliugua homa iliyokaza viungo vya mwili hata mgonjwa akashindwa kusimama wima. Wenyewe waliiita kwa lugha yao chikungunya, yaani yenye kukunja. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, na huko ndiko virusi vyake vilikotambuliwa. Wakati huo kituo kilikuwa kimekwisha kuwa cha nchi zote tatu, kwa kuwa tangu mwaka 1950 kilikuwa chini ya utawala wa pamoja wa Afrika Mashariki.

Kazi iliyofanywa Entebbe ilikuwa kazi njema, wala haifai kubezwa. Elimu iliyopatikana humo imeokoa watu. Lakini yapasa utazamwe mpango wenyewe ulivyokuwa. Msitu ulikuwa wa Afrika, damu ilikuwa ya Waafrika, na ugonjwa ulikuwa ukiwaumiza Waafrika. Maamuzi juu ya nini kichunguzwe, nini kichapishwe, na virusi vihifadhiwe wapi, yalikuwa ya watu wengine. Virusi vilivyotoka kwa yule nyani nambari 766 vimehifadhiwa katika ghala la vijidudu huko Marekani, na maabara za dunia huagiza kutoka huko. Homa ya West Nile ilipozuka New York mwaka 1999, na Zika ilipoenea Brazil mwaka 2015, ndipo fedha nyingi zilipotolewa kwa utafiti wa magonjwa hayo. Na kwa chikungunya, chanjo ya kwanza ilipata kibali mwezi wa Novemba 2023, na kibali hicho kilitolewa Marekani. Tangu wagonjwa wa Newala watoe damu yao ilikuwa imepita miaka 70.

Mkutano wa Asilomar

Mwezi wa Februari 1975, wataalamu wapatao 140 walikutana Asilomar, katika jimbo la California nchini Marekani. Wakati huo ndipo binadamu alipokuwa amejifunza kukata chembe za urithi za kiumbe kimoja na kuzipandikiza katika kiumbe kingine. Baadhi ya wataalamu wenyewe waliogopa. Walijiuliza: itakuwaje iwapo kijidudu kisicho na madhara kitapandikizwa sumu, kisha kikatoroka maabara? Wakakubaliana kanuni za tahadhari: kazi za hatari kidogo zifanywe katika vyumba vya kawaida, kazi za hatari kubwa katika vyumba vilivyofungwa barabara, na kazi za hatari kupita kiasi zisifanywe kamwe kwa wakati ule.

Mkutano wa Asilomar husifiwa mpaka leo, na sifa hiyo unaistahili kwa sehemu, kwani si mara nyingi mwenye ujuzi hujifunga mikono mwenyewe kabla ya ajali kutokea. Lakini waliokutana pale walikuwa wengi wao Wamarekani, na wengine walitoka hasa katika nchi zilizoendelea kwa viwanda. Walizungumza juu ya usalama wa maabara. Hawakulifanya kuwa shauri lao swali la mali ni ya nani, wala swali la nchi maskini zitakazoletewa viumbe hivyo. Na katika mwezi huo huo kituo cha Entebbe kilikuwa bado chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kikiwa na uzoefu wa karibu miaka 40 wa kushika virusi vya hatari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ilivunjika, na nchi tatu zikagawana mali kama ndugu waliogombana. Kituo kikabaki Uganda, nchi iliyokuwa chini ya Idi Amin. Hivyo, wakati ambapo elimu mpya ilikuwa ikikimbia mbele, Afrika Mashariki ilikuwa imekipoteza chombo chake cha pamoja cha kuifuatilia.

Elimu yenyewe haikusubiri. Mwaka 2002 wataalamu wa chuo kikuu cha Stony Brook, Marekani, walitangaza kuwa wameunda virusi vya polio kwa kufuata maandishi tu, wakitumia vipande vya DNA walivyoviagiza kwa posta. Mwaka 2005 virusi vya mafua makuu ya mwaka 1918 viliundwa upya. Mwezi wa Mei 2010 kundi la Craig Venter lilitangaza kuwa limeandika maandishi yote ya urithi ya bakteria mmoja, zaidi ya herufi milioni moja, na kuyatia ndani ya seli nyingine ikaishi kwa kuyafuata. Bakteria huyo, aitwaye Mycoplasma mycoides, si mgeni kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Ndugu yake wa karibu ndiye aletaye homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa uliorejea Tanzania mwaka 1990 baada ya miaka mingi ya kutokuwako. Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi walishirikiana na kundi hilo la Marekani kuitumia elimu hiyo katika kutafuta chanjo. Basi elimu ile ile yaweza kumponya ng'ombe wa mfugaji wa Kajiado au Loliondo, na ile ile yaweza kuunda virusi vya kuua. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni sheria, na usimamizi wa sheria hiyo.

Sare haifuti sheria

Hapa askari wanayo sababu ya pekee ya kusikiliza. Tarehe 10 Aprili 1972 mataifa yalianza kutia saini Mkataba wa kupiga marufuku silaha za vijidudu na sumu, nao ukaanza kutumika tarehe 26 Machi 1975, wiki chache tu baada ya Asilomar. Kenya ilijiunga nao mwaka 1976 na Uganda mwaka 1992. Tanzania, iliyotia saini mwaka 1972, iliuridhia mwaka 2019. Makaburu wa Afrika Kusini nao walikuwa wanachama tangu mwaka 1975. Hata hivyo, mwaka 1981 jeshi lao lilianzisha kwa siri mpango ulioitwa Project Coast, chini ya daktari wa kijeshi Wouter Basson. Mpango huo uliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1990.

Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisikia ushahidi wa watu waliofanya kazi katika maabara ya Roodeplaat, karibu na Pretoria. Walisimulia habari za kimeta kilichotiwa katika sigara, sumu iliyotiwa katika chokoleti, vijidudu vya kipindupindu, na utafiti wa kutafuta njia ya kuwapunguzia watu weusi uzazi. Mwaka 2003 iliripotiwa kuwa wataalamu wa mpango huo walikuwa wamepandikiza chembe za sumu ya kijidudu kimoja ndani ya kijidudu cha kawaida cha tumboni. Hiyo ndiyo hatari hasa iliyoogopwa Asilomar, nayo ilitendwa na jeshi la serikali iliyokuwa imetia saini Mkataba.

Wapigania uhuru walikuwa na makambi katika nchi za mstari wa mbele, nazo nchi hizo, Tanzania ikiwamo, zilikuwa zikihesabiwa na Makaburu kuwa adui. Basson alishitakiwa, na mwaka 2002 mahakama ilimwachilia. Mwaka 2013 baraza la taaluma ya udaktari la Afrika Kusini lilimwona na hatia ya kuvunja maadili ya kazi yake. Funzo la mambo haya ni wazi. Mkataba usio na mkaguzi ni kama lindo lisilo na mlinzi. Jitihada za kuupatia Mkataba huo chombo cha ukaguzi zilivunjika mwaka 2001 baada ya Marekani kuyakataa mapendekezo yaliyokuwa mezani, na mpaka Mkataba ulipotimiza miaka 50, mwaka 2025, chombo hicho kilikuwa hakijapatikana. Kwa sababu hiyo ulinzi wa kwanza umebaki kuwa dhamiri na nidhamu ya wale walio ndani: mtaalamu anayekataa, na askari anayejua kwamba amri ya kuvunja sheria ya namna hiyo si amri halali.

Vijidudu vya Ziwa Bogoria

Ubaya hauji kwa siri za kijeshi tu. Waweza kuja kwa mlango wa biashara, mchana kweupe, na hakuna anayepiga kelele. Kenya inayo historia hiyo katika Ziwa Bogoria, lililoko Bonde la Ufa, ziwa la magadi lenye chemchemi za maji moto na makundi makubwa ya heroe. Ndani ya maji hayo makali huishi vijidudu vyenye vimeng'enya visivyoharibiwa na joto wala magadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu kutoka Uingereza walichukua sampuli za vijidudu vya maziwa ya magadi ya Kenya. Baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hivyo vilitumika viwandani ng'ambo, katika sabuni za kufulia na katika kuzipa suruali za jinzi ile sura ya kuchakaa wanayoipenda vijana wa mijini.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza kuwa litadai fungu la nchi, likisema kuwa idhini ya kufanya biashara hiyo haikupatikana kwake. Mwaka 2007 shirika hilo lilifanya mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya matumizi ya vijidudu vya Kenya. Lakini kulikuwa na wenyeji wengine ambao hata serikali yao ilikuwa imewasahau. Waendorois, wafugaji walioishi kandokando ya ziwa hilo tangu mababu, walikuwa wameondolewa katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walipeleka shauri lao kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 uamuzi wa kuwapa haki ulitangazwa. Hivyo Kenya ilijifunza mambo mawili kwa pamoja: taifa lisilo na sheria hunyang'anywa na wageni, na taifa lenye sheria isiyowajali wanyonge wake huwanyang'anya wananchi wake lenyewe.

La kushangaza ni kwamba msingi wa kudai haki hiyo ulikuwa umewekwa Nairobi kwenyewe. Tarehe 22 Mei 1992, katika makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mataifa yalikubaliana maneno ya Mkataba wa Uanuwai wa Viumbe Hai, unaosema kuwa kila taifa lina mamlaka juu ya mali yake ya urithi wa viumbe. Kabla ya hapo mbegu, mimea na vijidudu vilihesabiwa kuwa mali ya wanadamu wote, na kwa kweli aliyefaidi ni yule mwenye maabara.

Afrika yapata kiti

Kutoka hapo Afrika ilianza kusema kwa sauti moja. Mwezi wa Februari 1999 mataifa yalikutana Cartagena, Colombia, ili kutunga Itifaki juu ya viumbe waliobadilishwa chembe za urithi. Nchi chache zenye kuuza nafaka nyingi, Marekani ikizisukuma, hazikutaka masharti yatakayozuia biashara. Mkutano ukavunjika. Aliyesimama imara kwa niaba ya nchi nyingi za ulimwengu wa tatu alikuwa Mwafrika, Tewolde Berhan Gebre Egziabher wa Ethiopia, mtaalamu wa mimea. Hoja yake ilikuwa rahisi kufahamika: mgeni abishe hodi kabla ya kuingia, na mwenye nyumba awe na haki ya kukataa, hata kama ushahidi wa madhara haujakamilika.

Mazungumzo yaliporudiwa, makundi yaliketi kama makundi, kila moja na msemaji wake, na zamu ya kusema ikaamuliwa kwa kuokota vipira vya rangi. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini lilimaanisha kuwa msemaji wa nchi maskini aliweza kutangulia kabla ya msemaji wa nchi tajiri. Tarehe 29 Januari 2000, huko Montreal, Itifaki ya Cartagena ilipitishwa. Ilipofunguliwa kutiwa saini Nairobi tarehe 15 Mei 2000, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuweka saini. Itifaki ilianza kutumika tarehe 11 Septemba 2003. Madai ya Afrika kwamba mwenye kuleta madhara alipe fidia yalihitaji mapambano ya miaka 10 zaidi, hata itifaki ya nyongeza ikapatikana mwaka 2010.

Kupata kiti ni jambo moja, na kukikalia ni jambo jingine. Kenya ilipitisha Sheria yake ya usalama wa viumbe hao mwaka 2009. Mwaka 2012 serikali ikapiga marufuku vyakula vya namna hiyo, na mwezi wa Oktoba 2022 serikali mpya ikaondoa marufuku hiyo. Wakulima na raia wengine wakaenda mahakamani. Uganda imepita njia yake. Bunge lilipitisha muswada mwezi wa Oktoba 2017, na Rais Museveni akaurudisha mwezi wa Desemba. Katika barua yake aliuliza kwa nini haki apewe mwenye hataza peke yake, na jamii zilizoitunza mbegu ya asili kwa vizazi vingi zisahauliwe. Bunge likaupitisha tena mwezi wa Novemba 2018, likiongeza kifungu kikali cha kumlipisha fidia mwenye kuleta madhara. Rais akakataa tena kuutia saini. Wapo waliolalamika kuwa ucheleweshaji huo unawaumiza wataalamu wa Kawanda, ambao wamekuwa wakitafuta ndizi isiyoshambuliwa na magonjwa. Wapo waliofurahi. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana nyumbani kwao, kwa lugha zao, juu ya ndizi yao na ulezi wao. Hilo peke yake ni hatua, ukilinganisha na siku za yule nyani nambari 766.

Mbu hana pasipoti

Mtihani mkubwa zaidi umekuja na mbu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, na 95 katika kila 100 walifia katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Wataalamu wamebuni njia ya kumrekebisha mbu ili sifa aliyopewa irithiwe na karibu watoto wake wote badala ya nusu yao. Sifa hiyo yaweza kuwa ya kupunguza uzazi wa mbu, au ya kumfanya asiweze kubeba vijidudu vya malaria. Mbu huyo akitolewa, huisambaza sifa hiyo mwenyewe, kizazi hata kizazi. Kituo cha Entebbe, kile kile cha mwaka 1936 na sasa kikiwa taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi, ni mmoja wa washirika wa uchunguzi huo, nacho kimefanya kazi pia katika visiwa vya Ziwa Viktoria. Na mwishoni mwa mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi ya wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Uingereza, waliomtengeneza mbu aliyerekebishwa hapa hapa Tanzania, katika maabara ya Bagamoyo, bila kumtoa nje.

Mbu hana pasipoti. Akiruhusiwa Uganda hatasimama Mutukula kusubiri kukaguliwa. Kwa hiyo idhini ya nchi moja haitoshi, na sheria ya nchi moja haitoshi. Katika mkutano wa mataifa uliofanyika Sharm el-Sheikh mwezi wa Novemba 2018, wako waliotaka kazi hiyo isimamishwe kabisa. Nchi za Afrika hazikukubali kufungiwa mlango na watu wasiougua malaria, wala hazikukubali mlango uachwe wazi. Uamuzi uliopatikana ulitaka tahadhari, upimaji wa hatari kwa kila jambo peke yake, na kutafuta ridhaa ya wenyeji watakaoguswa kabla ya mbu kutolewa.

Burkina Faso imeonyesha ugumu wa maneno hayo. Tarehe 1 Julai 2019, katika kijiji cha Bana, walitolewa mbu madume waliorekebishwa wasiweze kuzaa, nao hawakuwa wa ile aina ya kujisambaza. Wanakijiji walikuwa wameelezwa kwa miaka kadhaa, na serikali ilikuwa imetoa kibali. Lakini mwezi wa Agosti 2025, siku chache baada ya mbu wengine kutolewa, utawala wa kijeshi wa nchi hiyo ulifunga maabara na kusimamisha mradi wote nchini. Wenye mradi walisema walifuata sheria zote. Wapinzani walisema wananchi hawakuridhika. Kibali cha karatasi kilikuwako. Imani ya umma ilipopungua, karatasi haikuweza kusimama yenyewe. Na waliotumwa kufunga milango walikuwa watumishi wa dola, ambao kazi yao si kuamua kama mbu ni mwema au mbaya, bali kuhakikisha kwamba kilichomo ndani hakimwagwi, hakiibiwi wala hakiharibiwi ovyo.

Wajibu wa majeshi

Hapo ndipo historia hii inapomgusa askari. Siku moja yeye ndiye atakayesimama Namanga, Sirari au Mutukula mbele ya sanduku lenye barafu na chupa ndogo. Yampasa ajue kuwa si kila chupa ni silaha, kwani waweza kuwa ni damu ya mgonjwa inayokimbizwa maabara. Yampasa ajue pia kuwa si kila chupa yenye karatasi nzuri ina ruhusa. Akiwa na mashaka, asiifungue, wala asiiachie. Amwite mwenye ujuzi na aliyepewa mamlaka na sheria. Zaidi ya hayo, ajue kuwa maandishi ya chembe za urithi siku hizi husafiri kwa waya bila chupa, na hayapiti forodhani. Kwa hiyo mapambano yamehamia kwenye mikutano. Tarehe 20 Mei 2025 mataifa yalipitisha Geneva mapatano juu ya magonjwa ya milipuko, lakini sehemu ngumu kuliko zote, ile ya nani atoe virusi na nani apate chanjo, iliachwa kujadiliwa baadaye. Nchi za Afrika ndizo zilizoongoza katika kudai kuwa atoaye apate.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Afrika Mashariki haina sababu ya kuifukuza elimu mpya, maana watoto wake ndio wanaokufa kwa malaria na ng'ombe wake ndio wanaokohoa. Lakini mwenyeji hapona kwa kukaa kimya huku mgeni akipanga vyumba vya nyumba. Uganda imekuwa na maabara kwa karibu miaka 90, na Kenya imekuwa mwenyeji wa mikataba mikubwa. Lililokosekana kwa muda mrefu ni nchi hizi na Tanzania kukaa pamoja na kusema neno moja, kama zilivyokaa pamoja Entebbe kabla ya mwaka 1977, na kama Waafrika walivyosema neno moja Montreal mwaka 2000. Vijidudu havikugawanywa Jumuiya ilipovunjika. Mbu na homa ya mapafu ya ng'ombe viliendelea kuvuka mipaka kama kawaida yao. Sheria zitakazovisimamia hazina budi nazo zivuke mipaka, zitungwe na wale wanaoumwa na mbu hao na kufuga ng'ombe hao, na zilindwe na askari anayeelewa analinda nini.